Saint-Omer: ndege zipi zilianguka kweli, na kipande hiki ni cha ndege ipi?

Swali la msomaji: "Nimepata orodha tatu za ndege za kijeshi zilizopotea kuzunguka uwanja wa Saint-Omer, kaskazini mwa Ufaransa, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Moja ina ndege karibu mara tatu ya nyingine. Hata siku moja tu, 9 Agosti 1941, siku aliyoanguka rubani maarufu wa Uingereza Douglas Bader, hazipatani. Nishike ipi? Tena nimetumiwa picha za vipande vya injini na maganda ya risasi vilivyookotwa shambani huko. Nitatambuaje ni vya ndege gani?"

Jibu:

Usishike hata moja kabla hujajua inahesabu nini. Mara nyingi orodha ndefu imejengwa juu ya madai ya marubani: mtu ametua, amesema ametungua moja, afisa wa taarifa ameandika, na miaka themanini baadaye mkusanyaji ameichukua kama ndege iliyoanguka. Orodha fupi imejengwa juu ya vitabu vya upande uliopoteza. Pengo kati ya hizo mbili ni kubwa mno. Kuanzia 14 Juni hadi mwisho wa Desemba 1941, marubani wa Fighter Command, kamandi ya ndege za kivita ya Uingereza, walidai kuangamiza ndege 731 za kivita za Wajerumani katika mashambulizi yao ya mchana upande wa pili wa Mlangobahari unaotenganisha Uingereza na Ufaransa. Kumbukumbu za Wajerumani zilipofunguliwa baada ya vita zilionyesha 154, na 51 kati ya hizo zilipotea bila mkono wa Mwingereza. Zinabaki 103. Katika kipindi hichohicho Waingereza wenyewe walipoteza ndege 411.

Marubani hawa hawakuwa waongo. Injini ya Daimler-Benz ya Messerschmitt Bf 109 ilipuliziwa mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo rubani Mjerumani aliyeona hatari nyuma yake alisukuma usukani mbele, akafungulia mafuta yote na kupiga mbizi. Injini ilitoa moshi mweusi mzito. Mwingereza aliyekuwa anampiga aliona moshi, aliona ndege ikielekea chini mpaka inapotea mawinguni, akaandika "imeangamizwa". Ongeza hapo kwamba watu wawili au watatu waliweza kuipiga ndege moja katika sekunde zilezile bila kuonana, kila mmoja akarudi na ushindi wake. Wajerumani nao walikuwa na hesabu zao zilizozidi, ingawa katika mwaka huo wao ndio waliokuwa juu ya ardhi waliyoishika, na kila ndege iliyoanguka waliweza kuitembelea kwa baiskeli.

Kwa hiyo hasara ya Mjerumani isome kwa Mjerumani, na ya Mwingereza kwa Mwingereza. Madai ya adui yatumie kama shahidi wa saa na mahali tu. Usiyape mstari wake kwenye jedwali la hasara unalojitengenezea. Jeshi linaweza kujidanganya kuhusu ndege za adui, ila mtunza stoo wake lazima ajue asubuhi zimebaki ngapi, maana ndiye anayeagiza nyingine.

Ukishaondoa madai, utakuta bado orodha zinavutana. Hapo tazama kiwango cha uharibifu. Luftwaffe, jeshi la anga la Ujerumani, waliandika kwa asilimia. Chini ya 10 ni mkwaruzo unaotengenezwa papo hapo na kikosi chenyewe. Kati ya 10 na 39 ni matengenezo ya kikosini, madogo au makubwa. Kati ya 40 na 59 ni kubadilisha injini, mifumo au sehemu nzima za bodi. Kuanzia 60 ndege haitengenezwi tena: 60 hadi 80 hunyofolewa vipuri, 81 hadi 99 ni chuma chakavu kilicholala kwenye ardhi yao wenyewe, na 100 ni ndege iliyopotea kabisa, ikiwemo iliyozama baharini au kuangukia kwa adui. Sasa mkusanyaji mmoja anaanza kuhesabu kwenye 60, mwingine kwenye 10. Wote wawili wanaandika neno "hasara" juu ya ukurasa, na wote wawili wananukuu waraka uleule.

Katika uwanja kama Saint-Omer jambo hilo linauma zaidi, kwa sababu Bf 109 ilikuwa na miguu ya kutulia iliyokaribiana, na kijana aliyetoka shule ya urubani aliweza kuizungusha akiwa tayari yuko chini. Bawa linagusa nyasi, propela inapinda, mguu unavunjika: 35 kwa mia. Huyo hakupigwa na mtu. Kwenye ripoti ataandikwa kwamba hakukuwa na mkono wa adui, lakini safu hiyo ya sababu ndiyo wakusanyaji wengi huiacha wanaponakili.

Ripoti hizo zilikusanywa na idara ya sita ya mkuu wa ugavi wa Luftwaffe, na nakala zake zinatunzwa kwenye kumbukumbu za kijeshi za Ujerumani, Freiburg. Ni hazina nzuri mpaka mwisho wa 1943. Za 1944 nyingi hazikusalia, na ndiyo maana mtu anayekuletea orodha kamili ya hasara za Wajerumani kwa Juni 1944 anapaswa kuulizwa ameitoa wapi.

Waingereza walitumia herufi. Baada ya mfumo kubadilishwa mwaka 1941, A ilimaanisha inatengenezeka palepale, B haitengenezeki pale ilipo, E imekwisha. Mbele ya herufi utaona FB kwa tukio la vitani au FA kwa ajali ya kawaida. Utazikuta kwenye kadi ya maisha ya kila ndege, Form 78, na kadi ya ajali, Form 1180. Kazi ya kila siku ya skwadroni imo kwenye kitabu cha operesheni: Form 540 inaeleza siku kwa ujumla, Form 541 inataja nani aliruka, na ndege yenye namba gani, saa ngapi alipaa na saa ngapi alitua. Vitabu hivyo viko Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, katika mfululizo wa AIR 27. Ripoti za mapigano ziko AIR 50, na majalada ya waliokufa au kupotea, ambayo yanafunguliwa kidogo kidogo, yako AIR 81. Form 541 iliandikwa na karani kambini, mara nyingine siku kadhaa baada ya tukio, kwa hiyo namba ya ndege yenye tarakimu moja iliyokosewa ni jambo la kawaida. Ikiwa kitabu kinasema ndege fulani ilipotea Agosti na kadi yake inasema ilikuwa bado karakana Oktoba, iamini kadi.

Mei 1940 ni shimo jeusi. Vikosi vya Uingereza vilivyokuwa Ufaransa viliondoka mbio, vitabu vingine vikachomwa au kuachwa, na unachosoma leo kwa wiki hizo kimeandikwa upya kutoka kumbukumbu za watu. Kwa ndege za Ufaransa zenyewe, nenda kumbukumbu za jeshi lao, Vincennes.

Sasa tuje kwenye neno "kuzunguka". Saint-Omer haukuwa uwanja mmoja. Mkubwa ulikuwa kwenye uwanda wa juu wa Longuenesse, kusini-magharibi mwa mji, palepale ambapo jeshi la anga la Uingereza lilikuwa na makao yake na karakana kubwa katika Vita Kuu ya Kwanza kuanzia Oktoba 1914. Wajerumani waliuita Saint-Omer-Wizernes, kwa jina la kijiji jirani. Viwanja vidogo vilikuwa Arques na Clairmarais, upande wa mashariki, na Wamarekani kwenye orodha za shabaha zao walitofautisha Longuenesse na Fort Rouge. Anayeandika "Saint-Omer" tu anaweza kuwa anamaanisha chochote kati ya hivyo.

Jina la Wizernes ni mtego zaidi. Mwaka 1943 Wajerumani walianza kuchimba ngome ya kurushia makombora ya V-2 kwenye machimbo ya chokaa karibu na Wizernes, inayojulikana leo kama La Coupole. Nyingine walishaanza kuijenga Éperlecques, kaskazini-magharibi, ambayo ilipigwa mara ya kwanza na ndege za Marekani 27 Agosti 1943. Ngome ya Wizernes ilipigwa mabomu mara nyingi mwaka 1944, mpaka skwadroni ya 617 ya Uingereza ilipoifikia kwa mabomu makubwa ya Tallboy mwezi Juni na Julai. Ndege zilizopotea katika mashambulizi hayo zilianguka kilomita chache kutoka uwanjani lakini hazikuwa na habari na uwanja. Ukitaka kujua vita vya uwanja, zitenge. Ukitaka kujua kila chuma kilichoko ardhini, ziweke. Vyovyote utakavyoamua, andika uamuzi huo juu ya jedwali kabla ya mstari wa kwanza, pamoja na nusu kipenyo cha duara lako. Kilomita 20 kutoka uwanja wa Longuenesse ni kipimo kinachofaa: kinachukua Blaringhem na Aire-sur-la-Lys, na hakifiki baharini.

Na usichanganye ndege zilizoanguka kuzunguka Saint-Omer na ndege zilizopotea kutoka Saint-Omer. Bf 109 iliyopaa Arques ikazama mbele ya Dover ni hasara ya kikosi, lakini haiko kwenye duara lako. Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza, iliyopigwa juu ya Longuenesse ni kinyume chake, na hapa jiografia inaeleza mengi. Rejeta ya Spitfire iko chini ya bawa. Risasi moja ikiitoboa, maji ya kupozea yanamwagika na injini ya Merlin inakwama baada ya dakika chache. Kutoka Saint-Omer hadi pwani ya Calais ni karibu kilomita 40. Kwa mwendo wa kilomita 400 kwa saa, hizo ni dakika sita. Wengi waliopigwa hapo walifika baharini, hawakufika kwao. Watu kama hao wamo kwenye ukumbusho wa Runnymede, Uingereza, wenye majina zaidi ya 20,000 ya wanaanga wasio na kaburi linalojulikana, na ndiyo sababu duara lako litaonyesha Spitfire chache kuliko vita vilivyopiganwa juu yake.

Sasa 9 Agosti 1941. Siku hiyo Waingereza walituma ndege za mabomu kuelekea Gosnay, karibu na Béthune, zikiwa na wingu la Spitfire za kuzilinda. Kundi la kambi ya Tangmere, kusini mwa Uingereza, lenye skwadroni za 41, 610 na 616, liliongozwa na Bader akiwa kwenye Spitfire W3185. Walikutana na JG 26, kikosi cha ndege za kivita za Wajerumani kilichoongozwa na Adolf Galland. Bader alipoteza mkia wa ndege, akaruka na parachuti akiuacha mguu wake mmoja wa bandia umekwama ndani, akatekwa. Buck Casson wa 616 naye alitunguliwa na kutekwa. Mjerumani aliyempiga Casson anajulikana, ni Gerhard Schöpfel.

Bader mwenyewe aliamini kwa miaka mingi kwamba aligongana na Bf 109. Fungua kitabu cha aliyepoteza: JG 26 haina ndege iliyogongwa siku hiyo. Ndege yake iliyoangamia pamoja na rubani ni ya Unteroffizier Albert Schlager, iliyoanguka upande wa Aire-sur-la-Lys, na haiingii kwenye maelezo ya Bader. Basi mgongano unaanguka. Je, alipigwa na Mjerumani? Madai yapo, lakini baada ya kumteka mtu maarufu namna ile, Galland alitaka sana kujua nani alimpiga, na jibu la uhakika halikupatikana. Kisha kuna maelezo ya Casson, aliyosimulia alipotoka kifungoni: alikaa nyuma ya ndege moja, akaipiga, mkia ukakatika, na rubani akahangaika kutoka kabla ya kuruka. Hakuna Mjerumani anayelingana na maelezo hayo. Bader analingana. Kwa hiyo watafiti wengi leo wanaelekea kuamini kwamba Bader alipigwa na mwenzake kimakosa. Bf 109F, toleo jipya la mwaka huo, ilikuwa imeondolewa nguzo za mkia na kupewa ncha za mabawa za mviringo. Ukiitazama kwa nyuma katika sekunde mbili za hofu, si rahisi kuitofautisha na Spitfire.

Kwenye jedwali lako basi: W3185, mstari mmoja, imepotea, rubani mateka, sababu "pengine risasi za wenzake". Spitfire ya Casson, mstari mmoja. Ndege ya Schlager, mstari mmoja. Nyingine za siku hiyo ziongeze kwa njia hiyohiyo, namba kwa namba. Madai yote ya siku hiyo, ya pande zote mbili, hayana mstari. Orodha zako zitaanza kupatana zenyewe.

Saa nazo zitakusumbua. Mpaka 9 Agosti 1941 saa za Uingereza na za Wajerumani zilikuwa sawa, zote saa mbili mbele ya Greenwich, kwa sababu Uingereza ilikuwa kwenye saa mbili za majira ya joto tangu 4 Mei. Tarehe 10 Agosti Waingereza walirudisha saa moja nyuma, Wajerumani hawakurudisha. Kwa hiyo siku ya Bader usiongeze wala kupunguza kitu, lakini 19 Agosti, siku Waingereza walipomdondoshea Bader mguu mpya wa bandia kwa parachuti karibu na Saint-Omer, tukio lililoandikwa kwa saa ya Uingereza linatokea saa nzima baadaye kwenye kitabu cha Mjerumani. Mtu asiyelijua hili anagawa pigano moja kuwa mawili na anahesabu ndege zilezile mara mbili. Geuza kila saa kuwa ya Greenwich kwenye safu yake, na uache saa ya asili kwenye safu ya jirani. Kwa ndege za usiku fanya vivyo hivyo na tarehe: iliyopaa jioni ya tarehe 16 na kuanguka saa sita na nusu usiku hujitokeza kama hasara ya 16 kwenye orodha moja na ya 17 kwenye nyingine.

Kwa Wamarekani una bahati. Kuanzia katikati ya 1943 kila ndege isiyorudi iliandikiwa ripoti ya wanaanga waliopotea, MACR, yenye namba yake. Zaidi ya majina, ripoti hiyo inataja namba za injini zote na mara nyingi namba za bunduki za rashasha, moja moja. Ziko kwenye nyaraka za taifa za Marekani, pamoja na ripoti za Wajerumani wenyewe za ndege walizozikuta zimeanguka: zinazoanza na KU ni za ndege za mabomu za Marekani, J ni za ndege za kivita, KE ni za Uingereza. Ripoti ya KU inakupa mahali kwa umbali kutoka mji wa karibu, na saa. Kasoro yake: MACR iliandikwa kwa ndege iliyopotelea nje tu. B-17, ndege ya mabomu ya Marekani, iliyopigwa Longuenesse ikavunjikia Uingereza wakati wa kutua haina MACR. Na shambulio la 13 Mei 1943 dhidi ya Saint-Omer, la kwanza kabisa kwa kundi la 95 la ndege za mabomu, lilitangulia mfumo huo kukaa sawa, kwa hiyo kwa siku hiyo tegemea zaidi vitabu vya makundi yenyewe.

Makaburi yanasaidia, ila kwa masharti. Wa Jumuiya ya Madola walizikwa karibu na walipoangukia na hawakurudishwa kwao, hivyo kaburi la kijijini ni ushahidi mzuri wa mahali. Makaburi ya Longuenesse yana zaidi ya 400 wa vita hivyo, lakini hapo palikuwa mji na hospitali, na waliofia hospitalini walitoka mbali. Wajerumani wengi wa eneo hilo walikusanywa baadaye kwenye makaburi ya Bourdon, Somme. Wamarekani walihamishiwa kwenye makaburi yao makubwa au kurudishwa nyumbani. Kaburi la Bourdon halikuambii chochote kuhusu shamba alimoangukia mtu.

Majina ya vijiji yaangalie pia. Saint-Martin-au-Laërt na Tatinghem ziliungana mwaka 2016 kuwa Saint-Martin-lez-Tatinghem, kwa hiyo ndege moja inaweza kuwa na vijiji vitatu kwenye orodha tatu. Marejeo ya ramani kwenye ripoti za Waingereza waliotafuta waliopotea baada ya vita yanatumia gridi ya kijeshi ya wakati ule. Pata karatasi ya ramani ya GSGS 4250 ya eneo hilo uisome kwa macho kabla ya kuamini kikokotoo chochote cha mtandaoni.

Sasa picha zako. Vipande vya injini ndivyo vinavyosema zaidi, kwa sababu kipenyo cha silinda hakidanganyi sana. Pima ndani ya silinda yenyewe ikiwepo, maana pistoni ni ndogo kidogo kuliko silinda na kutu huila. Milimita 137 ni Merlin: Spitfire, Hurricane, Lancaster, Mustang ya baadaye. Karibu 140 ni Allison: Lightning, au Mustang ya mwanzo. Milimita 127 zisizo na vali za kawaida, ila bomba la chuma linalozunguka ndani ya silinda, ni Sabre ya Typhoon. Milimita 150 ni DB 601 ya Bf 109E na F, lakini pia ni Jumo 211 ya Ju 88 na He 111. Hapo tafuta mkono wa pistoni: DB 601 ilitumia beringi za roli upande wa krenkishafti, na roli hizo hutapakaa ardhini. Milimita 154 ni DB 605, yaani Bf 109G, na hiyo haiwezi kuwa ya 1941.

Injini za duara, zenye silinda zilizopangwa kwa mzunguko, ndizo zinazochanganya. BMW 801 ya Focke-Wulf 190 ni milimita 156. Wright ya B-17 ni 155.6. Kwenye chuma kilichokaa udongoni hutaziona tofauti. Milimita 146 ndiyo mbaya kuliko zote: ni Mercury ya Blenheim, Hercules ya Halifax za baadaye, na R-2800 ya Marauder na Thunderbolt. Hercules haina vali za kawaida, basi ukiona vali, Hercules iondoe kwenye orodha. Mercury ina vali nne kwa silinda, R-2800 ina mbili.

Ukikwama, chukua bolti. Spana ya milimita ikishika sawasawa ni ya Mjerumani au Mfaransa. Herufi AM chini ya taji ni Wizara ya Anga ya Uingereza. Herufi CBAF ni kiwanda cha Castle Bromwich kilichotengeneza Spitfire nyingi. Kwenye vipande vya Spitfire namba ya mchoro huanza na namba ya toleo: 300 ni ya mwanzo kabisa, 349 ni ya toleo la tano, Mk V, 361 ni ya toleo la tisa, Mk IX. Kuwa mwangalifu hapa, kwani Mk IX ina vipande vingi vya 300 vilivyorithiwa. Toleo linaamuliwa na namba ya juu kuliko zote utakayoikuta, hata kama ni kipande kimoja kati ya mia. Katika utafutaji wa W3185, Spitfire iliyofukuliwa eneo hilo kwa matumaini makubwa ilikutwa na maandishi ya bawa la Mk IX, na Mk IX haikuingia vitani mpaka katikati ya 1942. Kwa W3185 una kipimo kingine rahisi: ilikuwa Mk VA, toleo lililotengenezwa ndege 94 tu, lenye bunduki nane ndogo na bila mzinga. Ukiona sehemu ya mzinga wa Hispano wa milimita 20 kwenye shimo hilo, umepata ndege nyingine.

Maganda ya risasi mengi hutafsiriwa vibaya. La Kiingereza la .303 lina ukingo uliochomoza kitakoni. La Kijerumani la 7.92 halina, lina mfereji. La Kimarekani la 12.7 lina urefu wa milimita 99. Mwaka uliogongwa kitakoni unakupa tarehe ya mapema kabisa inayowezekana, na si zaidi ya hapo. Halafu tazama kiwashio katikati ya kitako. Kikiwa na kishimo cha pini, risasi hiyo ilipigwa kwa bunduki, pengine angani, na ganda liliweza kutupwa na ndege iliyopita salama na kurudi kwao kunywa chai. Kikiwa laini na ganda limepasuka ubavuni, risasi ililipuka kwa moto ndani ya mabaki. La pili ndilo linalokuambia kwamba ndege ilianguka hapo. Ukosefu wa mabaki juu ya ardhi usikuvunje moyo: Wajerumani walikusanya alumini ya kila ndege na kuipeleka kuyeyushwa, wakaacha kilichozama, ambacho kwa ndege iliyoshuka wima ni injini iliyo mita kadhaa chini.

Huyo aliyekutumia picha mwambie aache kuchimba. Ufaransa haimruhusu mtu kutembeza kigundua metali shambani kutafuta vitu vya kale bila kibali cha mkuu wa mkoa, na ridhaa ya mwenye shamba peke yake haitoshi. Risasi za mzinga wa milimita 20 zina baruti na fyuzi ambayo miaka haijaituliza; akiona moja nzima aiache, apige simu kwa jandarmu, nao wataita wategua mabomu. Akiona mfupa, kitambaa cha parachuti kilichokunjwa au kiatu, vivyo hivyo, hata kama ni usiku.

Kwa vile alivyonavyo tayari, mwombe picha mpya: kila kipande peke yake, rula pembeni, mwanga ukitoka ubavuni ili herufi zilizogongwa zitoe kivuli. Aoshe kwa maji na brashi laini, asitumie brashi ya waya, maana mihuri ya ukaguzi kwenye alumini ni myepesi na huondoka mara moja. Apige picha ya kitako cha kila ganda, na aandike GPS ya mahali alipookota kwa mita, siyo jina la kijiji. Kati ya vyote, bamba lenye namba ya injini ndilo la kutafutwa kwanza: likiwa la Mmarekani, MACR itakupa ndege siku hiyohiyo, likiwa la Mwingereza, anza na majalada ya AIR 81 ya skwadroni zilizopoteza ndege za aina hiyo ndani ya duara lako.